Gari la polisi limefika, mafuta inatoka wapi? Miaka 20 ya msaada wa inje kwa polisi ya Kongo

Mwezi wa sita mwaka wa 2024, MONUSCO ilimaliza kuondoka katika Kivu ya Kusini. Wengi waliangalia askari wa kofia za buluu na magari yao meupe wakienda. Wachache walijiuliza juu ya kundi lingine lililofunga ofisi siku zile zile: UNPOL, mapolisi wa ONU. Hawa ndio walikuwa wakifundisha polisi ya Kongo, kufanya doria pamoja nayo usiku, na kuisaidia kwa mafuta na vyombo vya mawasiliano. Kwa mkaaji wa Kadutu ao wa Panzi swali lilikuwa la kila siku: usiku wezi wakivunja mlango, nani atakuja?

Kisha mambo yakaharibika zaidi. Mwisho wa mwezi wa kwanza mwaka wa 2025, AFC/M23 iliingia Goma, na katikati ya mwezi wa pili ikaingia Bukavu. Katika miji hiyo miwili, polisi ya taifa iliyofundishwa kwa pesa ya inje miaka nenda miaka rudi haiko tena kazini chini ya amri ya Kinshasa. Lakini Ituri, Tshopo, Maniema, Tanganyika na sehemu zingine za Kivu, polisi ile ile inaendelea na kazi. Na siku moja, hapa ao pale, mfadhili mwingine atashuka na magari mapya na bendera yake. Njo maana ni vizuri kuangalia nyuma: msaada wa polisi unapatikana namna gani, nani anaamua, na kitu gani kinabaki wageni wakishaondoka.

Njia nne za kusaidia

Inchi moja ikitaka kusaidia polisi ya inchi nyingine, iko na njia nne. Ya kwanza ni kutuma washauri: maofisa wachache wanaokaa karibu na wakubwa wa polisi, wanafundisha na kuandika mipango. Ya pili ni kutoa pesa kwa mpango wa miaka kadhaa, ambao mara nyingi unaongozwa na shirika ao kampuni iliyochaguliwa na mfadhili. Ya tatu ni kutuma mapolisi wenyewe, wenye silaha na magari, wasimame barabarani. Ya nne haina kelele: kubadilishana habari juu ya wahalifu, magari ya wizi na hati za kukamata.

Kongo imezijua zote nne. Na kila njia iko na mwenye kulipa wake na siku yake ya mwisho. Hayo mambo mawili mara nyingi yanaamuliwa mbali na mtaa ambako polisi inafanya kazi.

Ulaya ilianza na ulinzi wa wakubwa

Mwaka wa 2005, wakati wa serikali ya mpito, Umoja wa Ulaya ulifungua EUPOL Kinshasa. Ilikuwa misheni yake ya kwanza ya polisi katika Afrika. Kazi yake ilikuwa kusaidia kikosi kilichoitwa UPI, chenye mapolisi karibu 1.000, kilichopaswa kulinda taasisi za mpito na viongozi wake katika mji mkuu. Uchaguzi wa 2006 ulikuwa karibu, na watu waliogopa vita irudi Kinshasa. Hofu hiyo ilikuwa na sababu. Lakini tazama vizuri: franga za kwanza za Ulaya zilienda kulinda ofisi za wakubwa. Soko la Bunia, ambako miaka miwili mbele watu walikuwa wakiuana, halikuwa katika mpango ule.

Tarehe 1 mwezi wa saba mwaka wa 2007 misheni ilibadilika ikaitwa EUPOL RD Congo. Sasa kazi ilikuwa kushauri juu ya marekebisho ya polisi yote, na ilifungua ofisi hata Goma na Bukavu. Ilifunga milango tarehe 30 mwezi wa tisa mwaka wa 2014. Katika miaka hiyo Kongo ilipata sheria ya polisi ya tarehe 11 mwezi wa nane mwaka wa 2011, inayosema polisi ni kazi ya raia, si tawi la jeshi, na kwamba inapaswa kusikiliza watu. Hii sheria ingali inafanya kazi. Ni moja ya vitu vichache ambavyo wageni hawakuweza kubeba wakati wa kuondoka, kwa sababu ni Bunge letu lililoipiga kura.

Lakini karatasi haitembei yenyewe. Mwaka wa 2010, washauri wakiwa tayari Kinshasa, mtetezi wa haki za binadamu Floribert Chebeya aliitwa kwenye makao makuu ya polisi, na kesho yake akakutwa amekufa. Dereva wake, Fidèle Bazana, alipotea. Nyuma yake tribinali za jeshi ziliwahukumu maofisa wa polisi juu ya mauaji hayo. Mshauri anaweza kuandika kanuni nzuri katika ofisi moja, na amri mbaya ikatoka katika ofisi ya pili ya nyumba ile ile. Hana uwezo juu ya amri ile. Anayeweza kuizuia ni hakimu, mbunge, mwandishi wa habari, na raia anayekubali kutoa ushahidi.

Bukavu, Matadi na Kananga: jaribio lililokatwa katikati

Uingereza ilichukua njia ya pili, ile ya mpango wa pesa. Kupitia mpango uliojulikana kwa jina la SSAPR, ilichagua miji mitatu ya kujaribu: Bukavu, Matadi na Kananga. Wazo lilikuwa polisi ya karibu na raia. Askari ajulikane mtaani kwa jina na kwa uso. Kuwe na mikutano ambako wakaaji wanasema wazi: barabara hii iko na giza, kizuizi kile kinakamua watu pesa, mtoto huyu amefungwa bila kosa. Mpango ulisaidia pia watu wanaochunguza polisi: kamati za Bunge, mashirika ya raia, na Inspection générale ya polisi yenyewe.

Hii ilikuwa tofauti na kugawa magari. Ilikuwa inamfanya komanda ajibu mbele ya watu wa mtaa, hata kama kwa saa moja tu. Komanda aliyezoea kujibu mkubwa wake peke yake, sasa alipaswa kusimama mbele ya mama wauza mboga na kueleza juu ya nini kizuizi kile kingali pale.

Kisha, tarehe 15 mwezi wa kumi na moja mwaka wa 2013, Operesheni Likofi ikaanza Kinshasa. Lengo lililotangazwa lilikuwa kuondoa kuluna, vijana wa mapanga waliosumbua mji. Wakaaji wengi walifurahi kwanza, maana kuluna walikuwa wamewachosha. Lakini vijana walianza kuchukuliwa nyumbani usiku na mapolisi, wengine wakiwa na maski, na hawakufikishwa mbele ya tribinali. Ripoti ya ofisi ya haki za binadamu ya ONU, iliyotoka mwezi wa kumi mwaka wa 2014, ilihesabu watu si chini ya 9 waliouawa na 32 waliopotea. Shirika la Human Rights Watch, mwezi uliofuata, lilitaja si chini ya 51 waliouawa na 33 waliopotea. Jibu la serikali lilikuwa kumfukuza mkubwa wa ofisi ile ya ONU atoke katika inchi.

Nyuma ya Likofi, Uingereza ilisimamisha msaada wake kwa polisi. Sababu inaeleweka: raia wa London hataki kodi yake ilipie polisi inayoua watoto wa watu. Lakini ni nani aliyepigwa na uamuzi ule? Likofi ilifanyika Kinshasa. Wakaaji wa Bukavu, Matadi na Kananga, waliokuwa wameanza kukaa meza moja na polisi, ndio waliopoteza mpango. Waliotoa amri hawakupoteza mikutano ya mtaa, hawakuwa wakiihudhuria.

Hapa kuko tatizo ambalo wafadhili hawajalitatua mpaka leo. Tangu 2011, ONU iko na kanuni inayoikataza kusaidia kikosi chochote cha usalama kama kuko sababu kubwa za kuamini kwamba kinatenda makosa mazito dhidi ya haki za binadamu. Marekani nayo iko na sheria ya namna hiyo tangu miaka ya 1990. Hizi kanuni ni za lazima. Lakini zikikata msaada wote kwa pigo moja, zinamwacha raia peke yake na polisi ile ile, sasa bila mtu wa kuiangalia. Kukata petroli ya kikosi kilichoua ni jambo moja. Kukata mkutano wa raia wa mtaa ni jambo lingine kabisa.

Mshahara unapita katika mikono ya nani?

Kila mkaaji wa mashariki anajua hesabu hii. Ukienda kushitaki wizi, utaombwa pesa ya karatasi. Mapolisi wakienda kumkamata unayemshitaki, utaombwa pesa ya usafiri. Aliyekamatwa naye ataombwa pesa kusudi atoke kasho. Katiba, katika kifungu cha 18, inasema mtu hawezi kuwekwa mikononi mwa polisi zaidi ya saa 48 bila kufikishwa mbele ya mwenye mamlaka ya sheria. Lakini kwa askari ambaye mshahara wake ni kidogo ao unachelewa, saa 48 ni nafasi ya kutafuta chakula cha nyumba yake.

Hapa masomo peke yake hayasaidii. Unaweza kumfundisha askari haki za binadamu juma lote, umpe cheti na chakula cha mchana. Siku ya juma mosi anarudi kwenye kizuizi, na mkubwa wake anamngojea na hesabu ya jioni.

Mfano wa kujifunza uko upande wa jeshi. Misheni nyingine ya Ulaya, EUSEC, iliyoanza 2005 pia, iliona kwamba mshahara wa askari jeshi ulikuwa unapita katika mikono ya makomanda mbele ya kumfikia. Kila mkono ulibakisha kidogo, na majina ya askari hewa yalijaa kwenye liste. EUSEC ilisaidia kutenganisha njia ya amri na njia ya pesa: anayekuamuru asiwe tena yule anayekulipa. Haikumaliza wizi wote, na jeshi letu halikuponywa na kitu hicho. Lakini iligusa mahali ambapo ugonjwa uko. Magari 10 mapya hayagusi mahali hapo, na mwaka wa pili utayakuta yamesimama nyuma ya kituo, juu ya kukosa mafuta na pneu.

Kofia za buluu na kutoelewana

Njia ya tatu ni kutuma mapolisi wenye silaha. MONUSCO ilipozaliwa mwaka wa 2010, Baraza la Usalama liliipa ruhusa ya mapolisi 391 wa kushauri na kufundisha, na 1.050 wa vikosi vilivyopangwa tayari, vilivyotoka katika inchi kama Senegal, Misri, Bangladesh na India. Kwa inchi kubwa kama Kongo, ni watu wachache sana.

Na kuko jambo ambalo halikuelezwa vizuri kwa wakaaji. Mapolisi wa ONU hapa kwetu hawakuwa na mamlaka ya polisi ya Kongo. Hawakuja kufungua dosie na kumpeleka mtu mbele ya parquet. Kazi yao ilikuwa kusindikiza polisi yetu, kuifundisha, na kulinda watu na majengo ya ONU. Raia aliona gari jeupe likipita karibu na nyumba inayoibiwa, akasema: hawa wanatucheka. Katika miji mingine doria za pamoja na namba za simu za bure zilisaidia kweli, lakini kutoelewana kulizidi. Mwezi wa saba mwaka wa 2022 hasira juu ya MONUSCO ililipuka Goma, Butembo, Uvira na kwingine. Raia wengi walikufa. Butembo, mapolisi wawili wa India na askari mmoja wa Moroko waliuawa. Watu waliotumwa kusaidia, na watu waliopaswa kusaidiwa, walikutana kwa mawe na risasi.

Inchi za jirani nazo zinajifunza kwa shida. Mwezi wa kumi mwaka wa 2023, Baraza la Usalama lilikubali misheni ya polisi ikiongozwa na Kenya iende Haiti kupigana na magenge ya silaha. Haikuwa misheni ya ONU yenye bajeti ya ONU: ilitegemea pesa ambayo inchi zitataka kutoa. Mbele ya kuondoka, Mkenya Ekuru Aukot na wenzake walienda tribinali, na mwezi wa kwanza mwaka wa 2024 Korti Kuu ya Nairobi ilisema sheria ya Kenya hairuhusu kutuma mapolisi katika inchi isiyokuwa na mapatano nayo. Mapatano yakatiwa sahihi mwezi wa tatu, na kundi la kwanza likafika Port-au-Prince tarehe 25 mwezi wa sita. Watu 2.500 walipangwa. Mwaka mmoja nyuma yake hawakufika hata nusu, na pesa ilikuwa ikikosekana. Mwezi wa tisa mwaka wa 2025, Baraza la Usalama liliamua kuibadilisha misheni ile kuwa kikosi kingine, chenye ruhusa ya kufika watu 5.550.

Kwa sisi, jambo la kukamata katika habari ya Haiti ni ile kesi ya Nairobi. Raia wa inchi inayotuma waliuliza: kwa sheria gani, na kwa mapatano gani? Swali hilo hilo linaweza kuulizwa na raia wa inchi inayopokea. Kongo imesaini mapatano mengi ya usalama na inchi na makundi ya inchi. Ni mangapi ambayo mbunge wa Irumu ao wa Fizi anaweza kumweleza mpiga kura wake?

Msaada usiokuwa na gari

Njia ya nne inazungumuziwa kidogo, lakini kwa watu wa mipaka ni ya maana sana. Kongo ni memba wa Interpol, shirika lenye makao Lyon, Ufaransa, linalounganisha polisi za inchi 196. Wengi wanafikiri Interpol iko na askari wanaokuja kukamata watu. Hapana. Ni njia ya kupitisha habari. Hata ile «notisi nyekundu» inayotajwa sana si amri ya kukamata kwa kila inchi: ni ombi, na kila inchi inaamua kwa sheria yake. Na katiba ya Interpol inaikataza kuingia katika mambo ya siasa, ya jeshi, ya dini ao ya ukabila. Kongo iko pia katika SARPCCO, umoja wa wakubwa wa polisi wa Afrika ya Kusini ulioanza 1995, na katika EAPCCO, ule wa Afrika ya Mashariki ulioanza 1998.

Pikipiki ikiibiwa Beni na kuvukishwa Kasindi, inaweza kuuzwa upande wa pili mbele ya jua kuzama. Kituo cha polisi cha Beni kikitaka habari kwa njia ya Interpol, ombi linapita katika ofisi ya taifa iliyoko Kinshasa. Ni safari ndefu kwa kitu kinachohitaji simu moja. Na simu hiyo inahitaji polisi za pande mbili kuaminiana, wakati serikali zao, kama ile ya Kinshasa na ile ya Kigali, zinashitakiana juu ya vita. Kuingia kwa Kongo katika Jumuiya ya Afrika ya Mashariki mwaka wa 2022 hakukuleta uaminifu huo. Hapa msaada unaofaa ungekuwa wa bei ndogo: kompyuta yenye intaneti na umeme wa jua kwenye kituo cha mpaka, na ruhusa ya komanda wa pale kuuliza moja kwa moja.

Siku mfadhili atakaporudi

Msaada utarudi, kwa bendera hii ao ile. Siku hiyo, mkaaji, chefu wa mtaa, shirika la raia na radio ya pale pale wako na maswali ya kuuliza, na si lazima wangojee ripoti ya miaka mitano.

Gari hili limeandikwa kwa jina la kituo gani, na nani analipa mafuta mwaka wa pili? Mapolisi waliofundishwa watabaki hapa kwa muda gani, ao watahamishwa mwezi ujao? Mshahara wao unafika kwa njia gani? Komanda atakutana na wakaaji lini, na nani ataandika yale aliyoahidi? Askari akitenda kosa, nitamshitaki wapi: kwa mkubwa wake, kwa Inspection générale, ao kwa oditora ya jeshi, maana kwa sheria yetu polisi anahukumiwa na tribinali za jeshi? Na kama kosa likitendeka Kinshasa, je, mkutano wa mtaa wetu utafungwa juu ya kosa la wengine?

Swali hilo la mwisho linapaswa kuingia katika mapatano mbele ya sahihi, si nyuma. Mfadhili anaweza kuandika tangu siku ya kwanza kwamba vikosi vitakatiwa msaada wakiua, lakini kamati za raia, watetezi wa haki na wachunguzi wa polisi wataendelea kusaidiwa. Bukavu ilinyimwa nafasi hiyo mwaka wa 2014. Katika sehemu mbalimbali za mashariki, kamati za usalama za mtaa zimeendelea kukutana hata bila mgeni mezani, mara nyingi bila franga moja, kwenye kiti cha shule ao chini ya muembe. Mpango mpya unaweza kuanzia pale, mbele ya kununua gari la kwanza.